Nusu ya Njia ya Nyumbani

Sitakuapia. Mimi ni muuza viatu vya mitumba, na mtu wa soko akianza kuapa, mteja mwenye akili huondoka. Nitakueleza tu mambo yalivyokwenda, kisha utapima mwenyewe. Lakini yalitokea. Yalinitokea mimi, msimu wa mvua uliopita, mchana, tumboni mkiwa na vikombe viwili vya chai na si kitu kingine cha kunichanganya akili.

Chanzo ni shemeji yangu Murhula, mdogo wa mke wangu Nsimire. Ni kijana wa Bukavu aliyekuja Kisangani kusomea mambo ya miti. Watu wa Bukavu wamezaliwa milimani, na ukiwaleta huku kwetu, kwenye nchi bapa ya mto na msitu, wanashikwa na ugonjwa: wanatafuta mlima. Murhula alitafuta mwaka mzima, mwishowe akapata vilima vya mawe ndani ya msitu, upande wa barabara ya Lubutu, na njia ya miguu inayopanda na kushuka mpaka kwenye maporomoko madogo. Mpango wake ulikuwa kwenda Jumamosi, kulala ndani ya hema, na kurudi Jumapili.

"Beau," akaniambia, maana ndivyo anavyomwita shemeji, "tunabeba mizigo mugongoni, tunatembea."

"Tunapelekea nani?"

"Hakuna mutu. Tunatembea nayo, kisha tunarudi nayo."

"Mizigo ileile?"

"Ileile."

Nilimwuliza tena, maana kitu nisichokielewa nakihesabu mara mbili. Nina miaka kumi na tisa sokoni. Nimeona watu wamebeba makaa, muhogo, nguruwe, hata mgonjwa kitini. Mtu anayebeba mzigo kwenda porini ili arudi nao sikuwahi kumwona. Nsimire, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, pembeni, akasema, "Wende, papa. Tumbo lako linaingia nyumbani mbele yako." Nikajua wamekwisha kupatana bila mimi. Nikachagua jozi mbili za mabuti mazuri kutoka kwenye balo langu, robota la mitumba, nikaenda.

Pikipiki ilituacha asubuhi kwenye kijiji kinachoanzia njia ile. Pale kando ya barabara kuna mama mmoja anayeuza lituma, ndizi zile za kupondwa, pamoja na samaki wa moshi. Alituangalia kuanzia mabuti hadi mabegani.

"Munauzisha nini?"

"Hatuuzishe kitu, maman," Murhula akajibu.

"Sasa mizigo yote hii? Kwenu kuna vita tena?"

"Hakuna vita. Tunatembea tu, kwa furaha."

Mama akageuka kwa mwenzake. "Ati kwa furaha." Walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini. Kisha akatazama mbingu, ambayo ilikuwa nyeusi kama sufuria, akaniambia mimi, kwa sababu ndiye niliyeonekana mtu mzima: "Bon. Mvua ikiwashika, mufwate njia yenye haikufungwa."

Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Ndiyo tabia ya soko; huwezi kumwonyesha muuzaji kwamba kuna kitu hukijui. Njia inafungwaje? Sikujua. Ningeuliza, ningejibiwa kwa maneno kumi, na leo nisingekuwa nakuandikia.

Mvua ilitushika baada ya saa moja. Si mvua ya kukimbilia barazani. Ilikuwa mvua ya msitu, inayoanza kwa majani kunguruma kabla tone halijakugusa, kisha inashuka yote kwa pamoja. Njia ikawa kijito. Mawe yaliteleza kama sabuni, mizizi ilinishika miguu, na begi mgongoni likanywa maji mpaka nikahisi nimembeba mtu mzima mwenye hasira. Kile kilima, Murhula alikiita kilima. Mimi nilikiita majina mengine ambayo hayaandikiki.

Kileleni Murhula akasimama kufunga plastiki juu ya begi lake. "Wende tu, beau. Niko nyuma yako." Nikatangulia.

Chini ya mteremko njia iligawanyika kuwa mbili. Kwenye njia ya kushoto kulikuwa na tawi limelala, refu, limenyooka, lenye majani mabichi nchani. Nilikuwa nimekwisha kuanguka mara nne. Nikaona fimbo. Fimbo nzuri, isiyo na mwenyewe, ya bure. Nikaiokota, nikaipukutisha majani, nikaipiga chini mara mbili kuijaribu, nikashika njia ya kulia ambayo ilikuwa pana, nikaenda zangu kwa furaha, ile furaha hasa aliyoicheka mama wa lituma.

Nilifika kwenye kijito chenye gogo la kuvukia, nikakaa kumngojea Murhula. Simu haikuwa na mtandao lakini saa ilikuwa inatembea. Zikapita dakika kumi na tano. Zikapita nyingine kumi na tano. Nikaita, na mvua ikala sauti yangu. Nikarudi nyuma mpaka pale njia zinapogawanyika, nikasimama na fimbo yangu mkononi, na maneno ya yule mama yakaanza kuniingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye buti lililopasuka.

Kufunga njia ni kulaza tawi. Watu wa msitu wakitangulia, wanalaza tawi bichi juu ya njia ambayo hutakiwi kuipita, na anayekuja nyuma anaelewa. Murhula anayejua miti alikuwa anajua hilo. Angefika pale, angetafuta tawi, angekuta njia mbili zote wazi, nyayo zangu zimefutwa na mvua. Mimi ndiye niliyemfungulia. Fimbo ya bure.

Nsimire ana ndugu mmoja tu aliyebaki, na ndiye huyo. Ningeingiaje nyumbani bila yeye? Ningesema nini mlangoni? Nikaingia njia ya kushoto nikikimbia.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo hata mimi napotea ninaposimulia. Ile njia ilikuwa nzuri, nzuri kupita kiasi. Haikuwa na tope wala mizizi. Mvua niliisikia juu ya miti, lakini haikunifikia. Nilitembea nikiita "Murhula! Murhula!" labda nusu saa. Jioni haikuwa bado. Simu ilisema saa tisa na dakika arobaini. Mbele yangu, juu ya mti ulioanguka, alikuwa amekaa mzee.

Mavazi yake yalikuwa ya kawaida, shati la kaki na suruali iliyokunjwa. Mgongoni alikuwa na kikapu kirefu cha porini, kile ambacho mkanda wake unapita kwenye paji la uso. Kikapu kilikuwa kitupu. Niliona mwanga ukipita katikati ya fito zake. Lakini mkanda ulikuwa umemzama kwenye ngozi ya paji, na mishipa ya shingo imemsimama, kama mtu aliyebeba magunia mawili ya chumvi. Niamini, nimewatazama wabebaji maisha yangu yote. Uzito hauigizwi.

"Jambo, papa," nikasema.

"Jambo."

"Papa, haukuona kijana mumoja hapa? Mufupi, na mufuko wa bleu."

"Nilimuona."

"Iko wapi?"

"Iko mbali. Lakini naweza kumuleta."

Nikamuuliza kile ninachouliza na kuulizwa kila siku ya Mungu. "Unataka nini?"

"Njia yako ya nyumbani."

Wewe ungefanya nini? Najua. Ungeuliza maana yake. Ungekimbia. Ungeomba kwa dini yako. Mimi nilisikia bei, na nikisikia bei mdomo wangu unafunguka wenyewe, siwezi kuuzuia.

"Ah, papa, ile ni mingi. Punguza."

"Sema yako."

"Nusu."

"Bon," akasema. "Nusu."

Alikubali papo hapo. Kila mtu wa soko anajua uchungu wa neno hilo. Ukitaja bei ya kwanza na mwenzako akaikubali bila hata kukunja uso, umekwisha kupigwa, hujui tu wapi. Nikataka kurudisha maneno, nikasema, "Papa, ngoja kwanza," lakini alikuwa amesimama tayari. Akanipita akielekea nilikotoka. Alikuwa ameinama zaidi ya mwanzo, na mkanda umezama zaidi. Kikapu kilikuwa kitupu vilevile. Nilihesabu hatua zake kumi. Ya kumi na moja siwezi kukuambia. Sikumwona akipotea. Nilijikuta tu natazama njia, bila kukumbuka ni kitu gani nilikuwa nakitazama.

"Beau! Unafanya nini kule ndani?"

Murhula alikuwa mbele yangu. Alikuwa amesimama pale njia zinapogawanyika, na pale palikuwa hatua kama ishirini kutoka nilipo. Nusu saa niliyotembea ilikuwa hatua ishirini. Nilizihesabu nikitoka, kisha nikarudi ndani mguu mmoja kuzihesabu tena, mpaka akanishika mkono na kunivuta.

Alikuwa amelowa na amekasirika. "Saa mbili nakutafuta! Nilipita hapa, njia ya kushoto ilikuwa imefungwa, nikashika ya kulia, nikafika kwenye gogo, hauko. Unasema na nani huko?"

"Imefungwa na nini? Tawi nililitoa mimi."

Akanionyesha kwa kidole. Tawi lilikuwa pale limelala juu ya njia, majani mabichi nchani, na mimi nilikuwa nimesimama upande wake wa ndani. Fimbo ilikuwa bado mkononi mwangu. Niliziweka sambamba. Urefu mmoja, mkato mmoja wa panga chini, kifundo kimoja katikati. Nikazihesabu. Zilikuwa mbili. Nikahesabu tena.

Basi nani alipotea? Yeye anasema ni mimi. Kama ni mimi, basi nilimlipa yule mzee aniletee mtu ambaye hakuwa amepotea. Nimewauzia watu viatu vyao wenyewe vilivyoibwa, bila kujua, wakanitukana, na haki yao. Lakini mimi kununua kilichokuwa changu?

Hatukupiga hema. Tulirudi kijijini kabla giza halijashika, na mama wa lituma akatukaribisha jikoni kwake tukauke. Murhula akasimulia kwa kicheko jinsi alivyonikuta naongea na mti. Mama akacheka naye. "Furaha imewashika kweli." Ndipo nikaeleza sehemu yangu, na nilipofika kwenye kikapu aliacha kugeuza samaki.

"Ulimupatia?"

"Nilipatana naye. Nusu."

"Nusu gani?"

"Nusu ni nusu, maman."

"Tonton, njia iko na nusu mbili," akasema, akiniita mjomba kwa Kifaransa, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto anayetumwa dukani mara ya kwanza. "Ile ya kutoka huku, na ile ya kufika mulangoni. Ulimupatia gani?"

Miaka kumi na tisa, ndugu yangu. Sijawahi kununua balo bila kuuliza ni la kiume au la kike. Nikamwambia sikutaja. Mama alitutandikia mkeka, akafunga mlango, na asubuhi alitusindikiza yeye mwenyewe mpaka kwenye pikipiki, akakataa kushika mkono wangu wakati wa kuagana.

Tukiwa barabarani, mvua ndogo ikinyesha, kitu kikakatika. Sijui niseme vipi. Dakika moja nilikuwa kwenye barabara ya Lubutu, ninayoijua, na dakika iliyofuata nilikuwa kwenye barabara fulani. Nikampiga dereva begani. "Unatupeleka wapi?" Murhula akadhani ni utani. Mji ulipoanza, nyumba, vibanda, baiskeli zenye abiria nyuma, niliviona vyote kama mtu aliyeshuka leo kutoka nchi nyingine. Tulisimama mbele ya mlango wa bluu. Mwanamke akatoka, na nilipovuka kizingiti nikamjua: Nsimire. Nyuma yake kiti changu, redio yangu, kila kitu mahali pake.

Nikasema ni homa. Vipimo vilisema hapana. Mchungaji wa mke wangu aliniombea, sheikh wa mama yangu alinisomea, na daktari akaniambia nipunguze mawazo. Kila mmoja alinipa nusu ya msaada, kama wamepatana.

Ni hivi, na mpaka leo ni hivi. Nikitoka sokoni kurudi kwetu, mtaa wa Tshopo, nakwenda sawasawa mpaka kwenye kona ya duka moja la dawa. Kutoka kibandani kwangu hadi pale ni hatua elfu moja mia nane na kumi. Kutoka pale hadi mlangoni ni elfu moja mia nane na kumi. Nsimire alinihesabia, mara mbili. Nikipita kona ile hatua moja, mji unanigeuka. Mitaa niliyochezea utotoni siijui. Watu wananisalimu kwa jina, naitika kama mgeni mwenye adabu. Nasikia maporomoko ya Tshopo yakinguruma, sauti niliyolala nayo maisha yangu yote, na siwezi kukuambia yako upande gani. Asubuhi, kutoka nyumbani kwenda sokoni, sina shida yoyote. Ni kurudi tu.

Nilijaribu hila zote. Nilihamisha kibanda karibu. Nusu ikawa fupi, lakini ilibaki nusu, nikakirudisha, maana kule hakuna anayenunua viatu. Tulihama nyumba, tukakaa Kabondo miezi miwili. Jioni ya kwanza, katikati, palepale kiza kikaniingia. Tukarudi kwetu. Nilitaka kwenda kumtafuta mzee tupatane upya, Murhula akakubali kunisindikiza. Njia zilikuwepo mpaka pale chini ya mteremko. Pale njia ilikuwa moja.

Basi Nsimire akaanza kunipokea kwenye kona. Kila jioni anafunga biashara yake ya mafuta ya mawese, anakuja, ananishika mkono, ananipeleka nyumbani kama bibi harusi anavyopelekwa. Watu wa mtaa wanasema tumependana upya uzeeni. "Wacha waseme," anasema. "Wengine wanalipa ili wasemwe hivyo." Nilianza kuzoea. Nilianza hata kufikiri kwamba katika biashara ile sikupata hasara sana.

Kisha ilikuja Alhamisi moja ya mvua kubwa. Nilichelewa kufunga, maji yalikuwa yameingia kwenye magunia. Nilipofika kwenye kona, Nsimire hakuwepo. Nikasimama chini ya paa la duka la dawa. Nikangoja robo saa, kisha nusu. Nikampigia simu.

"Uko wapi?" nikamwuliza.

"Mimi? Niko jikoni."

"Haukuja kunipokea?"

Akacheka. "Papa, mukono wako niliushika mimi mwenyewe. Ulikuwa baridi sana. Tumefika zamani. Si uko hapo nje unaosha miguu?"

Nilisikia kwenye simu. Chini ya sauti ya mvua juu ya bati lake, nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni, na mguu ukisuguliwa kwenye kizingiti, kulia mara mbili, kushoto mara moja, jinsi ninavyofanya mimi.

Nikamwambia, "Nsimire, funga mulango wa jikoni. Usiulize."

Hakuuliza. Ni mwanamke wa Kivu. Amejifunza kufunga milango bila maelezo. Nilimsikia akisukuma komeo, kisha kitu kizito kikiwekwa chini upande wa pili wa mlango, taratibu, kama mtu anavyotua kikapu. Murhula alitoka chuoni akanikuta kwenye kona saa moja baadaye, akanipeleka. Beseni lilikuwa limejaa maji masafi. Barazani hapakuwa na mtu.

Yule mzee hakuwa ameingia ndani. Kizingiti ndicho mwisho wa njia, na alichonunua ni njia tu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini anakuja. Kila mvua anakuja, kutoka katikati mpaka mlangoni, kwa nusu ambayo ni yake kihalali, na mke wangu hawezi tena kutofautisha mkono wake na wangu. Kwa hiyo tumeamua: siku ya mvua hakuna anayekwenda kwenye kona. Mimi nalala sokoni juu ya magunia ya viatu, na Nsimire anasukuma komeo mapema. Mji wetu unajua kunyesha. Hesabu mwenyewe ni siku ngapi nina nyumba.

Kwa hiyo wewe unayependa kutembea na mzigo wa kurudi nao, ukikuta tawi bichi limelala njiani, lipite kando, hata kama umeanguka mara kumi. Ukiambiwa neno usilolielewa, uliza, ucheke kama utachekwa. Na mtu akikutajia bei ya kitu ambacho hukuwahi kujua kwamba kinauzwa, usipunguze. Usiongeze. Nyamaza, geuka, ondoka, wakati bado unaijua njia yote ya nyumbani.